Mwalimu Aliyefuta Neno "Wengi"

Mwalimu wetu wa Historia alikuwa na ugomvi na neno moja. Ukiandika katika insha kwamba Vita vya Kwanza viliua watu wengi, alilipiga neno "wengi" mstari mwekundu, kisha pembeni akauliza kwa mwandiko wake wa kuinama: Akina nani? Ukirudia kosa, alikuita mbele akakuuliza kwa mdomo. Ukimjibu kwamba kitabu hakikusema, alikunja uso kana kwamba wewe ndiye uliyekiandika kitabu chenyewe. Tulimwogopa kwa hilo kuliko tulivyomwogopa mwalimu wa Hisabati na fimbo yake.

Leo mimi ni bibi wa wajukuu watano, muuguzi niliyestaafu, na ninamwandika Mwalimu kwa sababu mimi ndiye niliyemharibia kazi yake. Nalisema mapema, msomaji asije akanidhania mtu mwema.

Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake sina, na sikuwahi kuzitafuta. Nilijua tu kwamba ni Mha wa milimani, upande wa Kasulu, Mkristo asiyekosa Jumapili, ambaye serikali ilimleta Ujiji kufundisha halafu ikamsahau hapo hapo. Alikuwa mrefu, mkavu, na shati lake lilikuwa na alama nyeupe kifuani, maana chaki aliitia mfukoni bila kuifunga. Alikuwa na baiskeli ambayo wengi wetu hatukumwona akiipanda mara mbili. Aliisukuma tu kutoka nyumbani kwake Buzebazeba mpaka shuleni, madaftari yamefungwa nyuma kwa mpira, huku akiongea peke yake.

Sasa tazama mambo yake. Mtu huyu aliyedai majina ya wafu hakuweza kushika majina ya walio hai. Miaka minne yote mimi nilikuwa "wewe wa dirishani". Rafiki yangu Zuhura alikuwa "jirani wa dirishani". Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, na ambaye alikuwa akiuza mawese mbele ya nyumba yao, alitucheka tulipolalamika.

"Mna bahati nyinyi mna dirisha," alisema. "Mimi wiki nzima baada ya harusi aliniita 'wewe'. Nikadhani kwao ndivyo wanavyobembeleza."

Alipenda mitambo kama watoto wanavyopenda pipi. Redio yake aliifungua na kuifunga mara nyingi mpaka ikawa haina kifuniko. Jioni alishuka ufukweni akasimama nyuma ya mafundi wa injini za boti, mikono mgongoni, akiuliza hiki kinafanya nini na kile kinazungushwa na nini, mpaka mafundi wanaanza kujibu kwa kikohozi. Lakini kupanda boti, hata siku moja. Alipofiwa na rafiki yake kule Ilagala, wenzake walichukua boti asubuhi wakawahi maziko. Yeye alizunguka kwa barabara, akafika watu wakiwa wanakunja mikeka. Aliulizwa sababu akasema hakiamini chombo kisichoweza kusimama njiani mtu akashuka.

Somo la vita alilifundisha kwa mabega yetu. Kulikuwa na mashine mbovu ya kusaga pale Rusimbi, na mwenye mashine aliitoa kwa shule ili wavulana wa ufundi waifungue wajifunze. Shule ilikuwa tayari kutafuta gari. Mwalimu akakataa gari. Alitafuta miti miwili na kamba, wavulana kumi na wawili wakaiinua mashine, na sisi wasichana tukabebeshwa magurudumu yake, mikanda na minyororo. Jua lilikuwa kali. Alikataza kuimba na alikataza kuongea. Alitembea pembeni akisukuma baiskeli yake, na mtu aliyetaka kupumzika alisubiri mpaka wote wapumzike. Tulipofika tulitua mzigo nyuma ya darasa, na kabla hatujafuta jasho akatuingiza ndani na kufunga mlango.

"Mashine ile ina magurudumu mangapi?" akauliza.

Tukatazamana.

"Ubavuni imeandikwa nini?"

Hakuna aliyejua.

"Basi njia nzima mmeona nini?"

Mvulana mmoja, bado anahema, akasema, "Mimi nimeona shingo ya aliyenitangulia tu, Mwalimu."

Mwalimu hakucheka. Aliandika ubaoni maneno yale yale: shingo ya aliyenitangulia. Kisha akatuambia kwamba watu waliobebeshwa vipande vya meli ya Mjerumani kuviteremsha ziwani, na waliobebeshwa risasi na vyakula vya askari vita vilipoanza, hawakuona vita vyovyote zaidi ya shingo hiyo. Vitabu vinaijua meli. Vinaeleza ilivyoundwa Ulaya ikafunguliwa, ilivyounganishwa Kigoma, ilivyozamishwa na wenyewe isitekwe, ilivyoibuliwa. "Meli imepewa jina, halafu ikapewa la pili," alisema. "Aliyeibeba hana hata moja."

Baba yake Zuhura alikwenda kwa mkuu wa shule kulalamika kwamba binti yake hakutumwa shule kuwa punda. Mwalimu aliitwa, akaonywa. Mwaka uliofuata akatafuta mzigo mwingine.

Kutokana na somo lile likatoka zoezi lake kubwa. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada jeusi na mgongo mwekundu, aliloliweka kwenye mfuko wa plastiki lisilowe. Kila mwanafunzi wa kidato cha tatu alitakiwa aende nyumbani, akae na mkubwa kuliko wote ndani ya nyumba, arudi na jina moja la mtu aliyechukuliwa kubeba mizigo wakati wa vita vile. Wakati huo wazee na bibi walioviona vita kwa macho ya utoto walikuwapo bado, ingawa walikuwa wanaondoka kila mvua. Jina liliingia daftarini kama limethibitishwa na watu wa nyumba mbili tofauti. Shahidi mmoja hakutosha. Kila mstari ulikuwa na nafasi ya jina, nafasi ya alichobeba, na nafasi ya mashahidi. Alinuia siku moja majina yale yachongwe kwenye jiwe, na jiwe lisimame karibu na ziwa ambako watu wa matembezi hupiga picha. Kwa hilo aliongea kama mtu anayeongea juu ya nyumba anayoijenga.

Mimi nilikwenda kwa bibi yangu mzaa baba. Nilimkuta uani anachambua dagaa, nikamweleza nilichotumwa. 

"Baba yangu alichukuliwa," akasema. "Feruzi."

"Feruzi bin nani?"

Akaniangalia. "Hakuwa na bin."

Kisha akainamia ungo wake. "Jina hilo usilipeleke shuleni, mwanangu. Ukilitaja tu, watu wa hapa watajua tulivyofika Ujiji."

Mgeni hawezi kuyaelewa haya bila kuelezwa. Ujiji ulikuwa mji wa soko, na katika soko lile kabla ya Mjerumani watu waliuzwa pamoja na pembe za ndovu. Waliovushwa ziwa kutoka Manyema na kwingineko wakanunuliwa hapa walipewa majina na mabwana zao: Feruzi, Mabruki, Songoro. Mwungwana alikuwa na bin, yaani alikuwa na baba anayejulikana. Aliyenunuliwa alikuwa na jina lile moja tu, kama jina la mbuzi. Utumwa ulikwisha, watu wakaoana, wakazikana, wakaswali safu moja. Hata hivyo, posa ikiingia, palikuwa na mzee mahali fulani ambaye angekohoa na kuuliza, hawa ni watu wa nani hasa? Dada yangu mkubwa wakati ule alikuwa amechumbiwa na nyumba ya kiungwana yenye jina mjini. Nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa na akili za kutosha kuogopa.

Basi nikamtengeneza mtu. Jina la kwanza nililichukua kwa muuza kahawa wa mtaani, la pili kwa babu yake Zuhura. Salumu bin Athumani. Kwa kuwa nafasi ya alichobeba ilikuwa tupu, nikampa kengele ya meli. Niliona kengele inapendeza. Zuhura akakubali kuwa nyumba ya pili, akasema kwao pia wamemsikia. Mtu wa Ujiji angetuuliza maswali mawili tu tungekwama. Mwalimu alikuwa wa kuja. Alijua kila bunduki ya vita vile, ila hakujua jina linaweza kusema nini uswahilini kwetu. Aliandika taratibu, akapuliza wino.

"Kengele," akasema, kisha akaniita mwanangu kwa Kiha chao. "Mwana wanje, hii umeniletea zawadi."

Ile ndiyo siku pekee aliyonitazama kana kwamba ananijua. Niliifurahia sana sifa ile, na sitajificha: niliifurahia kwa majuma.

Kosa langu lingekuwa dogo kama Mwalimu angemwacha Salumu daftarini. Lakini majina mengine yalikuwa na "risasi" au "unga" au "hakumbuki" mbele yake. Salumu alikuwa na kengele. Kwa hiyo Mwalimu akampenda. Akamsimulia darasa lililofuata, na lililofuata hilo. Kila mwaka Salumu aliongezeka kidogo, si kwa uongo, bali kwa maswali ya Mwalimu mwenyewe: je, kengele ilifungwa ulimi isilie njiani? Je, mtu aliyebeba kengele aliwahi kuisikia ikilia ikiwa mahali pake? Watoto wakaigiza Salumu kwenye mahafali. Mimi nilikuwa Tabora nasomea uuguzi, kisha nikafanya kazi huko huko, nikaolewa. Niliporudi Kigoma na familia yangu, binti yangu akaingia shule ile ile. Siku moja akanikuta jikoni, akaanza kunihadithia habari za mtu wa Ujiji aliyebeba kengele ya meli begani mpaka ziwani.

"Umewahi kumsikia, mama?"

Nikakoroga mboga. "Nimemsikia," nikasema.

Ningeweza kwenda kwake jioni ile. Kutoka kwangu mpaka Buzebazeba ni mwendo wa dakika ishirini. Nilijiambia ni uongo wa kitoto, haumdhuru mtu. Nilijiambia pia kwamba Mwalimu anakaribia kustaafu na yataisha yenyewe. Mtu akitaka kukaa kimya hakosi sababu.

Na nilikwisha kuona uzito wa majina kwake. Vita vya ng'ambo vilipolipuka, miaka ile ya tisini, watu wakamiminika kwa maboti kutoka Kongo, nami nilikuwa miongoni mwa wauguzi tuliopelekwa ufukweni. Asubuhi ya pili nikamwona Mwalimu, amesimama kwenye kokoto na daftari lingine jipya, akiwauliza watu wanaoshuka: mmemwacha nani? Hakuuliza mmekuwa wangapi, hilo lilikuwa likiulizwa na wengine. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akamtajia mumewe, akamtajia na kaka zake wawili, akasubiri mpaka amalize kuandika, ndipo akaenda kwenye maji ya kunywa. Ofisa mmoja akaja akamuuliza yeye ni wa shirika gani.

"Mimi ni mwalimu," akasema.

"Basi rudi shuleni, mzee."

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa, mpaka wakachoka kumfukuza. Nilipomletea maji siku ya tatu aliniambia bila kuinua macho, "Vile vya kwanza nilichelewa miaka sitini. Hivi nimewahi." Nilikuwa na nafasi pale pale ya kumwambia habari za Salumu, nikasema moyoni kwamba watu wana shida kubwa zaidi leo. Lilikuwa kweli. Na mimi nilishukuru kwamba lilikuwa kweli.

Hakuwa malaika. Alikuwa mkali kwa uongo wa wengine, lakini alimdanganya mkewe kila mwezi kuhusu vipuri vya redio. Aliwadharau wafanyabiashara mbele yetu, na nyumba yake ilisimama kwa mawese ya Mama Mwalimu. Kuna wanafunzi aliowafelisha kwa sababu tu nyumbani kwao hapakuwa na mzee wa kumuuliza, wakarudi mikono mitupu. Mmoja wao alilia mbele yetu akisema wao ni wakimbizi kutoka Burundi na wazee wao walibaki huko. Mwalimu akamwambia, "Basi niletee jina la huko." Sikuona huruma pale wakati ule, na sina hakika naiona hata sasa.

Mwaka jana mjukuu wa rafiki yangu alinipa habari. Wanafunzi wa zamani walikuwa wamekubaliana, wakampata mchongaji wa mawe ya makaburi, wakapata na mahali. Jiwe la Mwalimu lingewekwa kweli. Alikuwa amebakiza kupitia daftari lake na kulikabidhi Ijumaa. Na wamependekeza, yule kijana akasema kwa furaha, jina la juu kabisa liwe la mtu wa kengele.

Usiku ule sikuhitaji kufikiri sana. Mtu anaweza kuuachia uongo uishi mdomoni mwa watoto. Kwenye jiwe nilishindwa.

Nilikwenda Jumatano asubuhi. Mama Mwalimu alikuwa uani akimenya chikichi, akanionyesha kwa kidevu alipo. Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani kwenye kiti cha kamba, miguu imefunikwa khanga ya mkewe, kaunta buku jeusi mapajani. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Macho yalikuwa mazima.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Mwakeye, mwana wanje. Kaa," akasema, akiniamkia kwa Kiha.

Nikakaa. Nikamweleza yote kwa mpangilio, kama tunavyotoa taarifa ya mgonjwa tunapokabidhiana zamu: nilichotumwa, alichosema bibi, nilichoandikisha, Zuhura alivyothibitisha. Sikulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, na hasira ningeipokea kwa shukrani.

"Kengele haikuwapo," akasema.

"Haikuwapo, Mwalimu."

"Na kwa nini hukuleta la kweli?"

Nikamweleza habari ya majina. Nikamweleza Feruzi, Mabruki na Songoro, na mtu asiye na bin. Miaka yote ile aliyokaa Ujiji hakuna aliyewahi kumweleza, na nikaona usoni mwake kwamba ni kweli hakujua. Alifungua daftari. Akaanza kupitisha kidole kutoka juu kwenda chini, ukurasa mmoja, wa pili, wa tatu. Alikuwa akisoma kwa sauti ndogo. Hamisi bin Juma. Ramadhani bin Seleman. Rashidi bin Hamadi. Alisoma kurasa nyingi. Mama Mwalimu aliacha kumenya.

"Wote wana baba," akasema mwisho.

Akarudisha kidole juu ya ukurasa.

"Waliochukuliwa kubeba walikuwa wanyonge. Nimefundisha hivyo maisha yangu yote. Wanyonge wa Ujiji walikuwa ni hao unaowataja. Na humu ndani hakuna Feruzi hata mmoja." Akanitazama. "Hukuwa peke yako, siyo?"

"Sijui, Mwalimu. Sidhani."

"Wa kuwauliza tena wako wapi?"

Nilifikiri nyumba kwa nyumba, mtaa kwa mtaa. "Wamekwisha."

Alilifunga daftari. Kisha akamwambia mkewe awapelekee habari vijana wa jiwe kwamba majina hayako tayari. Mama Mwalimu akasema, "Baba, umri huu, yatakuwa tayari lini?" Mwalimu akapangusa jalada kwa kiganja. Nami ndipo nilipojuta kwa mara ya pili, safari hii kwa kusema. Kwa miaka arobaini nilidhani nimemwibia ukweli mmoja. Kumbe nilipomrudishia, nilimnyang'anya yote mengine.

Nilitaka kuondoka. Akanizuia kwa mkono. Alifungua ukurasa wa mwisho, uliokuwa mtupu, akanipa kalamu kwa kuwa yake mwenyewe ilikuwa haitulii tena.

"Andika la kweli."

"Sina shahidi wa pili, Mwalimu."

"Andika."

Nikaandika: Feruzi. Nikamgeuzia daftari. Akalitazama jina lile kwa makini, likiwa peke yake kwenye karatasi, kisha akaweka kidole kwenye nafasi inayofuata.

"Alibeba nini?"

Bibi yangu aliishi miaka tisa baada ya siku ile ya dagaa. Tulilala nyumba moja, likizo zote nilimpikia, nilimwogesha alipokuwa hajiwezi. Siku ile alikuwa hajamaliza kusema, alikuwa ameinua mkono akiwa na neno jingine, na mimi nilikuwa nimekwisha kunyanyuka kwenda kwa Zuhura.

"Sijui," nikamwambia. "Sikumwuliza."